Je, wajua kwa nini mchanga wa bahari haufai kupigia chesisi, yaani fremu ya gari?

Gari likiishi Mtwara au Lindi miaka mingi, kutu yake haitoki kwa mchezo. Brashi ya waya hung'arisha juu tu, msasa hauingii kwenye pembe, na grenda hula chuma kizima pamoja na kibovu. Ndiyo maana mwenye Land Rover kuukuu huulizia kupiga mchanga, yaani kurusha punje ngumu kwa upepo wa kompresa mpaka rangi, kutu na uchafu mkavu vibanduke na chuma kibaki kijivu, kikavu, chenye mparuzo kidogo ukikigusa. Sasa, ufukwe uko hapo Mikindani na mchanga ni wa bure. Kwa nini watu waagize punje za kununua?

Kwa sababu mchanga ule una makosa mawili, na ukilitibu moja jingine linabaki.

Mmarekani Benjamin Chew Tilghman alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kazi hii mwaka 1870. Siri yake ni mwendo kuliko uzito: punje ikiongezewa kasi mara mbili, nguvu inayogonga nayo huwa mara nne. Kitu kikavu kinachopasuka, kama kutu au rangi iliyozeeka, hubanduka vipande vipande. Mpira hunepa na kuirudisha punje ilikotoka, na ndiyo sababu kipande cha tyubu ya zamani kinatosha kukinga nyuzi za bolti zisiliwe.

Kosa la kwanza ni kwamba punje nayo hupasuka. Mchanga wa kawaida kwa sehemu kubwa ni kwatzi, yaani silika, na ukigonga chuma kwa presha ya psi 90 au 100 hutoa vumbi laini mno. Lile linalopofusha macho si la kutisha sana. La kutisha ni lile usiloliona, linalozama hadi mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na humrahisishia mtu kupata kifua kikuu. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu. Kazi hii hutaka kofia maalumu inayoletewa hewa safi kwa bomba. Uturuki ilipiga marufuku kupauza jinzi kwa mchanga mwaka 2009, baada ya vijana wa viwandani kuugua na wengine kufa. Kazi yenyewe ilikuwa kufanya suruali ionekane imechakaa magotini, basi.

Kosa la pili ni chumvi. Chuma kilichotoka kupigwa kiko uchi na kimejaa vishimo vidogo. Mchanga wa bahari huiacha chumvi humo humo, chumvi huvuta unyevu wa hewa, na kutu inaanza upya chini ya rangi mpya. Baada ya muda utaona rangi imevimba malengelenge, utamlaumu fundi rangi bure. Utasema, basi nitauosha mchanga wangu kwa maji yasiyo na chumvi. Sawa, chumvi itapungua, lakini silika haioshwi. Na hata ukitumia punje safi kabisa, chesisi ya pwani ioshwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa kupiga peke yake hakumalizi chumvi iliyokwisha kujificha kwenye mashimo ya kutu.

Basi kinatumika nini? Kwa chuma kinene, mara nyingi ni ganeti, jamaa ya yale mawe yanayochimbwa Tunduru kwa ajili ya vito, ila hii husagwa. Haina silika huru kama mchanga, ingawa vumbi lake nalo si la kuvuta. Kwa alumini hutumika shanga ndogo za kioo, maana ganeti huichimba. Hapo wenye Land Rover za zamani wawe makini: chesisi ni chuma, lakini bodi kwa sehemu kubwa ni alumini, kwani gari hilo lilianza mwaka 1948 wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Ukiipiga bodi kama chesisi, umeiharibu. Hata bati la chuma, likiwa jembamba, hupinda. Wengi husema ni joto, kumbe ni kupondwa: upande unaopigwa hutanuka kama chapati inayosukumwa, na ule wa pili hautanuki.

Ughaibuni hutumia pia maganda ya kokwa za jozi yaliyosagwa, kwa kuwa hutoa uchafu bila kuumiza chuma. Kwetu mtu atawaza maganda ya korosho, yamejaa tele. Yaache. Mafuta yake huunguza ngozi, waulize wabanguaji, na chuma chenye mafuta hakishiki rangi. Kifuu cha nazi kilichosagwa kina nafuu zaidi.

Kompresa ya kujazia upepo wa matairi haitoshi. Presha inaweza kuifikia, lakini upepo unakwisha upesi, nawe unakaa kusubiri tangi lijae tena. Hewa yetu nzito ya pwani nayo ikibanwa hutoa maji ndani ya tangi. Yasipochujwa, punje hugandamana na kuziba nozeli, yaani mdomo wa bomba zinakotokea. Ukimaliza, usilaze chuma hadi kesho. Pwani kinaweza kuanza kuwa chekundu baada ya saa chache, kwa hiyo praima, yaani rangi ya chini, ipigwe siku hiyo hiyo, na usikiguse kwa mikono yenye jasho.

Ngoma za breki, rimu na vishikio vya injini havina shida. Sehemu za ndani ya injini ni habari nyingine: punje ikibaki kwenye njia ya oili itafika kwenye beringi, na injini uliyotoka kuifufua itarudi mezani. Ziba kila tundu kabla ya kuanza, na yale yasiyozibika vizuri uyasafishe kwa mafuta ya taa na brashi, hata kama itachukua siku nzima.