Gowon na zile pauni 20

Kila ninapofundisha Vita vya Biafra, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria, wanafunzi hutafuta wa kumlaumu, na wengi huanza na Yakubu Gowon, mtawala wa kijeshi wa nchi hiyo wakati ule. Siwakatazi. Huwaomba tu kwanza wamtazame alivyoingia Ikulu.

Tarehe 29 Julai 1966 askari wa kaskazini mwa Nigeria waliasi, na mkuu wa nchi, Aguiyi-Ironsi, akauawa Ibadan. Siku tatu baadaye Gowon akashika nchi. Alikuwa Luteni Kanali wa miaka 31, kapera, mtoto wa mwinjilisti aliyekulia Wusasa, Zaria. Kwao ni kaskazini, lakini ni Mkristo wa kabila dogo la Wangas, kwa hiyo pande nyingi ziliweza kumvumilia. Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, nyumbani kwa Waigbo, hakumkubali kamwe: jeshini walikuwapo waliomzidi Gowon cheo, na damu ya Waigbo waliochinjwa kaskazini mwaka huo ilikuwa bado mbichi.

Walikutana Aburi, Ghana, Januari 1967, wakaafikiana, kisha kila mmoja akarudi kwake na tafsiri yake. Mei 27 Gowon aliigawa nchi katika majimbo 12, mgawanyo uliowatenga Waigbo na bandari na sehemu kubwa ya mafuta. Siku tatu baadaye Ojukwu akatangaza kuwa Mashariki imejitenga na ni nchi huru, Biafra. Julai 6 bunduki zikalia.

Hapa ndipo mtu huyu hunisumbua. Aliwapa askari wake kanuni za mwenendo vitani: mjamzito asiguswe, mtoto asiuawe. Serikali yake hiyohiyo iliizingira Biafra kwa nchi kavu na baharini hadi watoto wakavimba matumbo na nywele zao zikabadilika rangi kwa kwashakoo. Serikali ya Gowon, kule Lagos, ilitaka misaada ikaguliwe kwanza upande wake. Ojukwu naye alikataa chakula kipitie mikononi mwa adui. Wenye njaa walikuwa katikati. Tanzania ya Nyerere iliitambua Biafra Aprili 1968, na nikizitazama picha za watoto wale naelewa kwa nini.

Aprili 19, 1969 Gowon alifunga ndoa na Victoria Zakari katika kanisa kuu la Lagos. Siku tatu baadaye majeshi yake yaliingia Umuahia, mji mkuu wa Biafra wakati huo.

Vita vilipokwisha Januari 1970, alisema hakuna mshindi wala mshindwa. Na kweli hakuwasimamisha viongozi wa Biafra mahakamani kwa uhaini, wala hakuna aliyenyongwa. Nampa sifa hiyo bila kusita, maana watawala wengi wa kijeshi wangefanya kinyume.

Ila msamaha ule ulikomea mlangoni mwa benki. Noti za Nigeria zilikuwa zimebadilishwa vita vikiendelea, na za Biafra sasa hazikuwa na thamani. Serikali ikaamua kwamba mtu aliyetumia akaunti yake Biafra wakati wa vita apewe pauni 20 tu, hata awe na akiba kiasi gani. Chukua mfanyabiashara wa Onitsha, mji wa Waigbo, mwenye pauni 2,000: anatoka benki na 20, nyumba imebomoka, duka limeungua. Mwaka 1972 serikali hiyohiyo ya Gowon ikaamuru biashara nyingi za wageni zipite mikononi mwa Wanigeria. Wenye fedha wa Lagos walinunua. Yeye angenunua kwa fedha gani?