Swichi ya Flash ilikuwa mkononi mwa nani?

Vijana ninaowafundisha kutengeneza tovuti huizungumzia Flash, programu-jalizi (nyongeza ya kivinjari) iliyoendesha michezo na katuni kwenye kurasa za wavuti, kama takataka ya zamani. Wanaionea. Ilianza mwaka 1996, na kwa zaidi ya miaka kumi aliyetaka kuweka mchezo, katuni au somo la kubofyabofya ndani ya kivinjari hakuwa na chombo cha kuifikia. Viwango huria, yaani kanuni za wavuti ambazo yeyote anaweza kuzitumia, vilijikongoja nyuma yake. HTML5 yenyewe, lugha ya kuandikia kurasa, ilipitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2014.

Ninachoilaumu ni kwamba swichi ya kuizima ilikuwa ya kampuni moja. Julai 2017 Adobe, kampuni iliyoimiliki, ilitangaza kuwa itaiachisha kazi mwisho wa 2020. Matoleo ya mwisho ya programu-jalizi yalipachikwa ukaguzi wa tarehe, na kuanzia 12 Januari 2021 mtu alifungua ukurasa akakuta faili ipo, programu-jalizi imo, ila mahali pa mchezo pana alama ya herufi i inayompeleka kwenye tangazo la kustaafu. Faili haikuwa na kasoro yoyote.

Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, bado ilikuwa na fomu za kodi zilizojengwa kwa Flash. Mwezi huohuo ikatoa kivinjari chake yenyewe, cha Windows tu, ili walipakodi wazifikie. Wakusanya kodi wamegeuka watengeneza vivinjari, baada ya kuonywa zaidi ya miaka mitatu!

Ukitazama msimbo wa ukurasa wa enzi zile, unakuta tagi moja ya object inayoelekeza kwenye faili ya .swf (faili ya Flash), basi. Kilichomo humo kivinjari hakikijui; hata ukitafuta neno ndani ya ukurasa, halipatikani ingawa unaliona kwa macho. Sasa andika hivi ndani ya tagi ya svg (kiwango huria cha michoro) yenye width na height za 200:

<circle cx="100" cy="100" r="40" fill="red"/>

Umepata duara jekundu. Badilisha 40 iwe 80, hifadhi, fungua tena: upana wake umekuwa mara mbili. Notepad inatosha, na huhitaji leseni ya mtu. Atakayeurithi ukurasa huo ataona ulichofanya na kuuendeleza.

Viwango huria navyo vina doa. Septemba 2017 W3C ilipitisha EME, kiwango kinachoruhusu moduli iliyofungwa kufungua filamu zenye kufuli la hakimiliki. EFF, shirika la kutetea haki za kidijitali, ilijitoa uanachama kwa hasira, na mimi niko upande wao: kisanduku kilichofungwa tulichokitoa mlangoni kilirudishwa kupitia dirishani.

Kilichoziokoa kazi nyingi za Flash ni karatasi. Adobe ilikuwa imechapisha maelezo ya muundo wa SWF, na mwaka 2008 ikaondoa masharti yaliyowazuia wengine kutengeneza vichezeshi vyake. Ndiyo maana leo tuna Ruffle, programu huria inayoendesha faili hizo kwa WebAssembly (msimbo ambao kivinjari huuendesha chenyewe) bila kusakinisha programu-jalizi yoyote. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, inaitumia tangu Novemba 2020.

Kama una CD ya masomo ya .swf kabatini, ijaribu kwa Ruffle. Zilizoandikwa kwa ActionScript (lugha ya programu ya Flash) toleo la 1 na 2 nyingi hufunguka vizuri. Za ActionScript 3 baadhi bado hugoma, kwa hiyo usitupe msimbo asilia kama unao.