Polima si plastiki tu

Ukitaja polima, wengi hufikiria mfuko wa plastiki. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko hiyo mwaka 2017, na Tanzania Bara ifuate mwaka 2019, jina hilo limeingia doa, kana kwamba polima yoyote ni uchafu wa kiwandani.

Hilo si kweli. Polima ni molekuli ndefu inayotokana na molekuli ndogo, ziitwazo monoma, kuungana moja baada ya nyingine, mara nyingi kwa mamia au maelfu. Plastiki ni polima, lakini hata wanga ulio kwenye sembe ni polima. Katani ya Tanga kwa sehemu kubwa ni selulosi, nayo ni polima. Hata mfuko wa karatasi tunaopewa dukani siku hizi umetengenezwa kwa selulosi hiyohiyo.

Wengine hudhani polima hurithi tabia za monoma yake. Ethilini ni gesi. Ndizi inayoiva huitoa, na ndiyo maana mbichi zikifunikwa pamoja na mbivu huiva upesi. Gesi hiyo ikiunganishwa kiwandani tunapata polithini, kitu kigumu kisichoivisha ndizi hata moja.

Tena si aina ya monoma peke yake inayoamua. Wanga na selulosi zote zimejengwa kwa glukosi. Tofauti ni namna glukosi moja inavyoshikana na inayofuata: vimeng'enya vya mwili wetu hukata kiungo cha wanga, lakini cha selulosi vinakishindwa. Ndiyo sababu ugali hutupa nguvu, ilhali katani, hata ungeisaga ikawa unga laini, ingepita tumboni bila kumeng'enywa. Ng'ombe hufaidi majani kwa sababu tumboni mwake wamo vijidudu wanaoivunja selulosi. Mimi sijaona mfano unaolieleza jambo hili vizuri kuliko huu.

Na si kila molekuli kubwa ni polima. Molekuli ya mafuta ya kupikia ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu za mafuta, basi. Hakuna mnyororo wa vipande vinavyojirudia.

Wataalamu nao walibishana. Wengi waliamini mpira, ambao nao ni polima, ni molekuli ndogo zilizokusanyika tu. Mwaka 1920 Hermann Staudinger wa Ujerumani aliandika kwamba zimeungana kikemia kikwelikweli, akapingwa miaka mingi. Alipouongezea mpira hidrojeni, haukusambaratika kuwa molekuli ndogo kama wapinzani wake walivyotarajia. Tuzo ya Nobel ya Kemia aliipata mwaka 1953.