Meli ya Kitalii Alaska: Baridi Siyo Tatizo Lenyewe

Dhana iliyoenea zaidi kuhusu safari ya meli ya kitalii katika pwani ya Alaska ni kwamba msafiri hukanyaga theluji tangu siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo wengi hutumia fedha nyingi kununua makoti mazito yasiyo na kazi. Meli hizo husafiri kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Oktoba, na mchana wa Julai mjini Juneau, makao makuu ya jimbo, joto hufika nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi, hali ambayo mtu wa Limuru au Njombe ameizoea. Cha kujihadhari nacho ni mvua. Mji wa bandari wa Ketchikan hupata zaidi ya milimita 3,500 kwa mwaka, kwa hiyo koti jepesi lisilopenywa na maji na viatu visivyoloa vina faida kuliko koti la manyoya. Kofia na glavu utazitafuta meli inapokaribia mto wa barafu, yaani tungamo la barafu linaloshuka polepole kutoka milimani, kwa kuwa upepo unaoshuka kutoka huko huipoza sitaha ghafla hata jua likiwa linawaka.

Hofu ya kuchafukwa na bahari nayo imetiwa chumvi, ingawa si ya bure. Sehemu kubwa ya safari hupita Inside Passage, mkondo unaokingwa na visiwa vingi dhidi ya mawimbi ya Pasifiki. Bahari huwa wazi pale meli inapovuka Ghuba ya Alaska kuelekea bandari za Seward au Whittier.

Dhana ambayo binafsi naiona kuwa na hasara kubwa zaidi ni kwamba meli ndiyo safari yenyewe, na ziara za nchi kavu ni mapambo ya kuwakamua wageni. Katika Glacier Bay, ghuba iliyo ndani ya hifadhi ya taifa, dhana hiyo inakaribia ukweli, maana abiria wa meli kubwa hawashuki kabisa: askari wa hifadhi ndio wanaopanda melini kutoa maelezo, na meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia hazizidi mbili kwa siku. Lakini anayebaki melini katika mji wa Skagway hukosa reli iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa mbio za dhahabu za Klondike, watu walipomiminika Kanada kutafuta dhahabu, nyembamba kuliko hata ile ya zamani ya mita moja kutoka Mombasa, ambayo hupanda hadi mita 873 katika umbali wa kilomita 32 hivi, huku mabehewa yakipita kandokando ya magenge marefu ya mawe.

Wapo wanaonunua safari ya meli pamoja na siku kadhaa za bara, wakipelekwa kwa treni hadi Hifadhi ya Denali na mji wa Fairbanks, wakiamini kwamba wamelipia kuuona mlima. Denali una mita 6,190, karibu mita 300 zaidi ya Kilimanjaro, na kama huo wetu, hupenda kujificha mawinguni. Inakadiriwa kuwa ni mgeni mmoja tu kati ya watatu anayefanikiwa kuuona. Usiku mmoja hapo ni kamari, mitatu ni mpango. Ulizia pia basi la hifadhini linafika wapi, kwa sababu maporomoko ya ardhi ya mwaka 2021 yaliikata barabara karibu na katikati yake.

Wengine huchagua Juni wakitarajia kuona ile miali ya rangi inayocheza angani usiku. Mwezi huo jua la Fairbanks hukaa juu ya upeo wa macho kwa takriban saa 22, na hata linapotua giza halishiki; anayeitaka miali hiyo asubiri mwishoni mwa Agosti au Septemba.

La mwisho ni viza, nalo huwakwamisha watu gatini. Alaska ni Marekani, lakini safari nyingi huanzia Vancouver nchini Kanada, na zile zinazoanzia Seattle, Marekani, hulazimika kutia nanga Kanada kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya kigeni kubeba abiria kati ya bandari zake bila kupitia nchi nyingine. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aombe viza za nchi zote mbili kabla ya kulipa nauli, na ahakikishe kwamba ile ya Marekani inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja.