Kuenea kote: klori bidoni, mazuku shimoni, dola sokoni

Kitu kimeenea kote pale unapochota popote na kupata kiasi kilekile. Kuingia tu hakutoshi.

Tazama bidoni ya lita 20 iliyojazwa Ziwa Kivu, hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Mtia dawa wa ufukweni anavuta kwa sirinji, tuseme, mililita 4 za maji ya klori ya asilimia 1, na kila lita inapata miligramu 2. Lakini katika maji yaliyotulia kabisa, chembe zikitembea zenyewe huchukua karibu nusu siku kusogea sentimita moja. Kinachoeneza dawa ni mtikisiko. Kwa hiyo funga kifuniko, pindua bidoni mara kadhaa (kuibeba kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, kwenye mawe ya lava kunasaidia pia), kisha subiri angalau dakika 30 kabla ya kupima. Klori iliyobaki isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Ikipungua, mara nyingi kosa ni matope: yanakula dawa, na vijidudu vilivyojificha ndani ya vibonge vyake havifikiwi. Chuja kwanza. Tena maji ya Kivu yana pH (kipimo cha asidi) ya karibu 9, na hapo sehemu kubwa ya klori hugeuka kuwa ile dhaifu. Imeenea vizuri, ila inaua polepole, kwa hiyo kungoja saa nzima au zaidi si kupoteza muda.

Mazuku ni kinyume chake. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake, nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu. Usiku upepo ukitulia inajaa mabondeni na mashimoni. Ikitegemea mwendo wa chembe zake, kupanda mita moja ni kazi ya saa nyingi. Ndiyo maana mtu mzima anasimama salama mahali ambapo mbuzi, au mtoto aliyeinama, anaanguka. Gesi ikifika asilimia 10 ya hewa, mtu anazimia ndani ya dakika chache, na haina harufu ya kumwonya. Usishuke kumwokoa aliyeanguka. Wengi hufa wakifuatana hivyo.

Katika jamii, kinachotikisa ni mikono ya watu. Dola ilipenya Kongo fedha ya nchi ilipoporomoka miaka ya 1990, na haikutoka hata baada ya faranga mpya ya 1998. Hata hivyo haijaenea sawasawa: kodi ya nyumba ni dola, fungu la nyanya ni faranga, na noti ya dola yenye mpasuko mdogo tu mara nyingi inakataliwa na wauzaji.