Dhana Potofu Kuhusu Mche Usiojulikana

Mvua za vuli zinapoanza hapa Mwanza, katika makopo na viroba vya udongo vilivyopangwa barazani kuanzia Kirumba hadi Igoma huchomoza miche ambayo mwenyewe hakumbuki kuipanda, na mara nyingi hupewa jina siku hiyo hiyo.

Dhana inayopotosha wengi zaidi ni kwamba majani mawili ya kwanza yanatosha kuutambulisha mmea. Ukweli ni kwamba majani hayo ni sehemu ya mbegu yenyewe, yaani kotiledoni, ambayo kazi yake ni kuulisha mche mpaka uweze kujitegemea, na umbo lake aghalabu halifanani na majani utakayoyaona mmea ukishakua. Boga, tikiti, tango na mumunye vyote huanza na majani mawili manene yenye umbo la yai, ambayo hata mkulima mzoefu anaweza kuyachanganya. Siku chache baadaye jani la kweli hufunguka katikati yake: la tikiti huja na mikato mirefu, ilhali la boga huwa pana na lina vinyweleo vinavyokwaruza kidole. Mpapai nao huanza na majani mazima, yasiyo na vidole kabisa. Isitoshe, mwembe na mparachichi haviinui kotiledoni zake juu ya ardhi. Hubaki ndani ya kokwa, na jani la kwanza unaloliona hapo ni jani la kweli.

Wengine huamini kwamba kilichoota kwenye kopo ndicho walichopanda. Udongo wa bustani, mchanga uliochotwa ufukweni na samadi ya ng'ombe huwa na mbegu za magugu zinazosubiri maji tu. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa vuli iliyopita niliutunza kwa wiki kadhaa mche mmoja nilioamini kuwa ni biringanya, kwa sababu tu nilikuwa nimepanda biringanya katika kiroba hicho. Nilipoligeuza jani lake sikukuta yale manyoya laini yanayolifunika jani la biringanya upande wa chini, na nilipolifikicha lilitoa harufu mbaya iliyokaa vidoleni. Ulikuwa datura, gugu la jamii moja na biringanya, linalotoa maua meupe mfano wa tarumbeta na matunda yenye miiba.

Kosa hilo linanitia hofu kuliko mengine yote, kwa sababu wapo wanaosema kwamba jani changa linalofanana na mnavu au mchicha linalika, na kwamba moto huondoa sumu yoyote. Datura ina sumu za atropini na skopolamini katika kila sehemu yake, na kuchemsha hakutegemewi kuziondoa sumu hizo. Aliyekula hukaukwa kinywa, mboni za macho hutanuka, moyo humwenda mbio na akili huchanganyikiwa, naye anapaswa kufikishwa hospitali mara moja. Mche ambao haujatambuliwa kwa hakika usiingie chunguni, hata kama umeota katikati ya tuta la mchicha.

Kuhusu miche miwili inayotoka shimo moja, si lazima mbegu nyingine iwe imeangukia hapo. Mbegu moja ya chungwa inaweza kutoa miche miwili au zaidi, na baadhi ya maembe hufanya vivyo hivyo. Fukua taratibu kwa kijiti, utaona kama yote inatoka ndani ya ganda moja.

Kutambua kwamba mche ni mparachichi hakukuambii utazaa tunda la namna gani, kwa kuwa parachichi lililooteshwa kwa mbegu halifuati sifa za mama yake, na ndiyo maana wakulima hubebesha, yaani huunganisha kijiti cha mti wenye sifa wanazozitaka kwenye shina la mche. Vivyo hivyo, hakuna jani wala mzizi unaomwonyesha mtu kwa macho kama mpapai ni dume au jike kabla haujatoa maua.

Picha ya simu husaidia, lakini programu za kutambua mimea hukosea kwa urahisi zinapopewa mche wenye majani mawili tu. Mimi sasa huacha miche miwili ya kila aina nisiyoijua ikue katika kiroba chake, mbali na mboga, kisha nangoja ua, kwa kuwa mtaalamu wa mimea naye huomba kwanza tawi lenye ua au tunda.