Kwa Nini Wimbo wa Jukwaani Hunoga Kuliko wa Studio?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba rekodi za soul na funk, muziki wa Wamarekani weusi, zilizochukuliwa jukwaani hupendwa kwa sababu ya shangwe: makofi na vigelegele humfanya msikilizaji ajione yumo ukumbini. Nilikosea. Aliyenisahihisha ni fundi redio wa Kiboriloni, Moshi, aliyekuwa akijaribu redio kaseti aliyotoka kuitengeneza kwa rekodi ya mwimbaji wa Marekani James Brown katika ukumbi wa Apollo, New York. Aliniambia nisisikilize makofi, bali nisikilize yanapoingia.

Kama siri ingekuwa shangwe, ingetosha kuimwaga juu ya wimbo wowote, na jambo hilo limewahi kufanyika: sehemu ya albamu ya Sex Machine ya mwaka 1970, ya Brown huyohuyo, ilirekodiwa studio kisha ikaongezewa sauti za hadhira. Wapo wanaoipenda sana, lakini shangwe ya namna hiyo haiwezi kubadili chochote, kwa kuwa mwimbaji amekwisha kuimba.

Msimulizi akisema “Paukwa!” na watoto wakaitikia “Pakawa!” kwa nguvu, hujua kwamba anaweza kumwacha sungura mtegoni kitambo zaidi; lakini wakiitikia kwa usingizi, humnasua haraka na kufunga hadithi. Urefu wa hadithi umo katika kiitikio. Ndivyo ilivyokuwa Apollo usiku wa tarehe 24 Oktoba 1962, pale “Lost Someone”, wimbo ambao studio ulikuwa wa takriban dakika 3, ulipopita dakika 10. Brown anashusha sauti, bendi inazunguka juu ya kipande kilekile, mwanamke anapiga ukelele, naye Brown anaupokea, anasihi tena, anangoja ukelele mwingine. Ni kweli kwamba aliizoeza bendi yake kwa ukali, hata akawatoza faini waliokosea, kwa hiyo si kila kinachosikika kama cha papo hapo kilizuka papo hapo. Lakini bendi iliyoiva hivyo ndiyo inayoweza kumngoja mwimbaji bila kuyumba.

Syd Nathan, mwenye kampuni iliyomrekodi Brown, hakuona faida ya kuuza tena nyimbo ambazo watu walikuwa nazo, hivyo Brown akagharamia rekodi ile ya Apollo mwenyewe. Albamu ilitoka mwaka 1963 na kufika nafasi ya 2 katika chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, ingawa “Lost Someone” haukuenea upande mmoja wa santuri: ulikatwa katikati, na msikilizaji akalazimika kuigeuza ili asikie sehemu iliyobaki.